Studio ya betri nne: namna mchezo wa mkononi ulivyogeuka chombo cha muziki

Kuna muziki ambao mtu akiusikia kwa mara ya kwanza anageuza shingo kutafuta ni simu ya nani inayoita. Sauti yake ni kali na nyembamba, kama ile ya simu ndogo za kubonyeza zenye tochi, kabla simu za kugusa hazijaenea. Sikio halidanganyi. Muziki huu na mlio wa simu ile ni ndugu. Hakuna aliyepiga gitaa, na hakuna mwimbaji aliyerekodiwa. Kuna kipande kidogo cha elektroniki, chipu, kinachowasha na kuzima umeme upesi sana, na spika inatetemeka kwa kuufuata. Ukiwasha na kuzima mara 440 kwa sekunde, unapata noti ya La, ile ambayo wanamuziki wanatumia kulinganisha vyombo vyao. Ukiongeza mwendo noti inapanda, ukipunguza inashuka.

Muziki huo unaitwa chiptuni. Unatungwa kwa kompyuta za zamani na kwa michezo ya mkononi, hasa Game Boy ya kampuni ya Nintendo ya Japani, mashine ya kijivu inayotumia betri nne ndogo, yale majiwe ya redio. Aliyeitengeneza hakuiuza kama chombo cha muziki. Ni watu wengine, miaka mingi baadaye, walioifungua na kuilazimisha kuwa studio. Kwa familia iliyokimbia usiku na kuacha gitaa na kinanda nyuma ya mlango, studio inayoingia mfukoni na isiyohitaji umeme wa ukutani ni wazo lisilohitaji maelezo marefu. Ila historia yake inahitaji maelezo, kwa sababu ndani yake kuna swali ambalo halijaisha: kitu kikitungwa na watu wadogo kwa mashine iliyotupwa, ni nani anakimiliki, na ni nani anakitunza?

Habari inaanzia Marekani. Mwaka 1982 kampuni ya Commodore ilitoa kompyuta ya nyumbani iliyoitwa Commodore 64. Ndani yake kulikuwa na chipu ya sauti yenye jina la SID, iliyobuniwa na injinia Bob Yannes. Wakati ule chipu nyingi za kompyuta zilijua kupiga kengele tu, na Yannes hakuridhika. Alitaka chipu inayofanya kazi kama kinanda cha kweli cha elektroniki, na kwa kiasi kikubwa alifaulu. Baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Ensoniq, iliyotengeneza vinanda vya kitaalamu.

Lakini SID ilikuwa na sauti tatu tu. Mwanamuziki yeyote anaona tatizo hapo hapo. Bendi inataka besi, ngoma, mtu wa kuimba na mtu wa kupiga akordi nyuma yake. Akordi moja ya Do-Mi-Sol inakula sauti zote tatu, na ngoma inabaki nje. Watungaji wa Ulaya, kama Mwingereza Rob Hubbard, aliyejulikana kwa muziki wa michezo kuanzia 1985, walizoea ujanja fulani. Sauti moja inapiga Do, kisha Mi, kisha Sol, kisha inarudi Do, kwa kasi ya mara 50 kwa sekunde. Sikio haliwezi kufuata mbio hizo, kwa hiyo linasikia akordi moja inayometameta. Ni kama mama mmoja anayepika kwenye masufuria matatu: anaruka huku na kule, na mwishoni chakula chote kinafika mezani kwa wakati mmoja. Mlio huo wa kumetameta ndio hadi leo unaotambulisha chiptuni. Ulizaliwa na upungufu, na waliokuja baadaye, wenye mashine zisizo na upungufu huo, wameendelea kuutumia kwa sababu wanaupenda.

Ngoma nayo ilikuwa na ujanja wake. Kelele ya kuchakacha kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha noti inayoanguka haraka kutoka juu hadi chini, na sikio linaapa kwamba limesikia ngoma kubwa.

Tatizo la miaka ile halikuwa mashine peke yake. Hubbard na wenzake walilazimika kuwa waandishi wa programu pia, si wanamuziki tu. Waliandika muziki kwa lugha ya mashine, namba juu ya namba. Kijana mwenye sikio zuri lakini asiyejua kuandika programu alibaki mlangoni.

Aliyefungua mlango ni Mjerumani, Karsten Obarski. Mwaka 1987 alitoa programu iliyoitwa Ultimate Soundtracker kwa kompyuta ya Amiga. Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu bila programu hiyo sehemu kubwa ya habari hii isingekuwepo.

Programu ya namna hiyo inaitwa traka. Haifanani na karatasi ya solfeji yenye mistari mitano. Inafanana zaidi na daftari la muuza duka. Kuna safu zinazosimama, kila safu ni sauti moja, na Amiga ilikuwa na nne. Mistari inashuka kutoka juu kwenda chini, na kila mstari ni kipande kidogo cha wakati. Ndani ya kisanduku unaandika noti, namba ya chombo, na amri fupi: panda taratibu, punguza sauti, tetemesha. Mistari 64 inafanya ukurasa mmoja. Ukimaliza kurasa kadhaa unaandika mpangilio: ukurasa wa 1, wa 1 tena, wa 2, urudi wa 1. Mashine inashuka mstari kwa mstari na kupiga kila inachokikuta. Mtu ambaye hajaingia darasa la muziki hata siku moja anaweza kuelewa mpango huo kwa mchana mmoja.

Programu ya Obarski haikuuzwa vizuri. Lakini watu wengine waliifungua, wakaondoa kasoro, wakaongeza mambo, na kuisambaza kwa jina walilotaka. Mwaka 1989 vijana wawili wa Sweden, waliojiita Mahoney na Kaktus, walitoa NoiseTracker, na muda mfupi baadaye ikaja ProTracker. Kisheria ilikuwa fujo, na Obarski mwenyewe hakutajirika. Ila ni vigumu kuona ni kwa njia gani nyingine chombo hicho kingefika kwa maelfu ya vijana ambao hawakuwa na pesa ya kununua programu.

Kitu kingine kilikuwa na uzito kuliko programu yenyewe. Faili ya traka ilibeba noti na sauti zake zote pamoja. Aliyeipokea hakusikiliza tu. Aliifungua, akaona kila noti, kila amri, ngoma ilivyotengenezwa, besi ilivyopangwa. Ni sawa na kupewa sahani ya sombe pamoja na mpishi anayekuonyesha kila kitu alichotia sufuriani. Vijana wa Finland, Ujerumani, Uholanzi na Norway walijifunza kutunga namna hiyo, bila mwalimu, kwa kufungua nyimbo za wenzao waliokuwa hawajawahi kuwaona.

Nyimbo hizo zilisafiri kwa disketi, nyingine kwa posta. Wengi wa vijana hao walianza katika vikundi vya kuvunja kufuli za michezo ya kompyuta ili inakiliwe bure. Mbele ya mchezo uliovunjwa, kikundi kiliweka ukurasa wa kujitapa wenye picha, salamu kwa marafiki na wimbo. Polepole, kwa wengine, ukurasa wa kujitapa ukawa mtamu kuliko mchezo. Wakaacha kuiba na kubaki na sanaa: maonyesho mafupi ya picha na muziki yanayoitwa demo, yanayoshindanishwa mbele ya watu. Mashindano ya Assembly nchini Finland yalianza 1992 na bado yapo.

Disketi moja ya Amiga ilikuwa na nafasi ya kilobaiti 880 tu, na sehemu kubwa ililiwa na picha. Mtungaji aliambiwa: wimbo wako uwe mdogo. Basi badala ya kutumia sauti ndefu iliyorekodiwa, alichukua kipande kifupi mno cha wimbi, akakizungusha bila kukoma, na mlio uliotoka ukafanana na ule wa Commodore 64 ya zamani. Nyimbo hizo ndogo ndizo zilizoitwa chiptuni, karibu na mwaka 1990. Jina hilo tangu mwanzo lilikuwa la mwigo: mashine mpya zaidi ikiiga mashine ya kale kwa kukosa nafasi.

Wakati huo huo, upande mwingine wa dunia, Game Boy ilikuwa imeshatoka. Ilianza kuuzwa Japani mwezi wa nne 1989. Aliyeongoza kazi hiyo ndani ya Nintendo ni Gunpei Yokoi, injinia aliyeamini kwamba tekinolojia ya zamani, rahisi, iliyokwisha kuzoeleka, ndiyo ya kubuni nayo kitu kipya. Washindani wake walitoa mashine zenye rangi: Atari Lynx mwaka 1989 na Sega Game Gear mwaka 1990. Zote mbili zilidai betri sita na kuzimaliza kwa masaa machache. Game Boy ilikuwa na skrini isiyo na mwanga wake, yenye vivuli vinne tu, na betri zake nne zilidumu masaa 10 na zaidi. Ukiihesabu pamoja na ndugu yake wa rangi, ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Kwa maneno mengine, ilikuwa rahisi kuipata, na baada ya miaka michache ilikuwa rahisi kuipata bure, kwenye sanduku la vitu ambavyo watoto wameshaviacha.

Sauti zake ni nne. Mbili ni za mawimbi ya mraba, ule mlio wa simu tuliouanza nao, na unaweza kubadili umbo la wimbi kwa namna nne, kutoka mlio wa pua hadi mlio wa filimbi nene. Ya tatu ni wimbi ambalo mtungaji analichora mwenyewe, nukta 32 tu, na ndiyo inayotoa besi. Ya nne ni kelele tupu, kwa ajili ya ngoma. Muziki wa mchezo wa Tetris kwenye Game Boy, ambao wengi wanaujua hata kama hawajawahi kushika mashine hiyo, uliandaliwa na Hirokazu Tanaka wa Nintendo kwa sauti hizo nne, na wimbo wake maarufu zaidi ni wa kienyeji wa Urusi ya karne ya 19, Korobeiniki.

Mwaka 1998 Nintendo yenyewe ilitia mchezo mdogo wa kupanga muziki ndani ya kamera ya Game Boy. Ulikuwa wa kuchezea tu, dakika tano na umekwisha. Lakini mwaka huo huo, mjini Hamburg, mwanafunzi wa shule ya sanaa, Oliver Wittchow, aliandika programu yake mwenyewe kwa ajili ya Game Boy na kuiita nanoloop. Skrini inaonyesha visanduku 16. Unachagua kipi kilie na kipi kinyamaze, mdundo unazunguka, nawe unaubadilisha huku unazunguka. Miaka miwili baadaye, mwaka 2000, Johan Kotlinski wa Sweden alitoa Little Sound Dj, ambayo wapenzi wake wanaiita kwa herufi zake, LSDj. Hiyo ni traka kamili, mtoto halali wa kazi ya Obarski, iliyobanwa ndani ya skrini ndogo sana.

Nintendo haikuwaomba kazi hiyo wala kuwapa vifaa vyake. Walitegemea maelezo ya ndani ya Game Boy yaliyokusanywa na wapenzi, watu walioipima mashine hiyo kidogo kidogo hadi wakajua kila chumba chake. Na walichagua mashine iliyokuwa ukingoni: Game Boy ya rangi ilikuwa sokoni tangu 1998, na nyingine mpya kabisa ilikuwa njiani. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili ambaye angeanza mradi kama huo mwaka 2000.

Mtu anayetunga kwa LSDj anafanyaje? Ana vitufe vichache: msalaba wa kwenda juu, chini, kushoto na kulia, kisha A, B, Start na Select. Kwanza anaandika kifungu, mistari 16. Kila mstari una noti, chombo na amri. Vifungu anaviunganisha kuwa mnyororo, na minyororo anaipanga kwenye ukurasa wa wimbo wenye safu nne, moja kwa kila sauti ya Game Boy. Namba zinatisha mgeni, kwa sababu hazihesabiwi kwa kumi bali kwa kumi na sita: baada ya 9 inakuja A, kisha B, hadi F. Siku ya tatu mtu anazoea. Kuna ukurasa unaoamua kila mstari udumu mapigo mangapi. Kawaida ni sita na sita. Ukiandika nane na nne, mstari mmoja unavutwa na mwingine unafupishwa, na mdundo uliokuwa umenyooka kama mwendo wa askari unaanza kuyumba na kucheza. Badiliko la namba mbili tu, na watu wanaanza kutikisa mabega.

Ujanja wa akordi inayokimbia umo humo pia, kwa amri moja. Ngoma zilizorekodiwa zinaweza kupitishwa kwenye ile sauti ya tatu, zikitoka na mikwaruzo kama redio iliyo mbali na antena. Na mashine mbili zinaweza kufungwa kwa waya ule ule ambao watoto waliutumia kucheza wawili wawili, na hapo sauti zinakuwa nane.

Baada ya programu, ilikuwa zamu ya bisibisi. Spika ya Game Boy ni ya mtoto, na hata tundu la earphone linapitisha mvumo mwingi. Basi watungaji wakafungua mashine, wakauchukua mlio kabla haujafika kwenye kikuza-sauti cha ndani, na kuutoa nje kwa waya mpya uliounganishwa kwa risasi. Wakaweka mwanga nyuma ya skrini kusudi waone gizani jukwaani. Fundi yeyote wa simu pale Birere angeielewa kazi hiyo bila kuambiwa mara mbili. Wengine wakatengeneza visanduku vya kuunganisha Game Boy na vinanda vya kawaida. Kimoja kinachojulikana ni ArduinoBoy, cha Timothy Lamb wa Marekani, anayepiga muziki kwa jina la Trash80.

Hapa Mkongomani atakumbuka Konono No 1 ya Kinshasa, bendi ya Mawangu Mingiedi, iliyotengeneza vipaza-sauti vya likembe kwa sumaku za vipande vya magari. Si jambo moja, na Konono haidaiwi kitu na chiptuni wala chiptuni na Konono. Mingiedi alikuwa na muziki wake tayari, akatafuta namna ya kuushindisha kelele za mji. Vijana wa Game Boy walianza na mashine, muziki ukaja baadaye. Ukaidi tu ndio unafanana.

Miaka ya mwanzo ya 2000 muziki huu ulitoka vyumbani. Nchini Marekani, kundi la 8bitpeoples lilikuwa limeanzishwa 1999 na Jeremiah Johnson na Mike Hanlon, likitoa nyimbo bure kwenye intaneti. Mwaka 2003 akajitokeza Malcolm McLaren, Mwingereza aliyekuwa meneja wa Sex Pistols, akaandika katika gazeti la Marekani, Wired, akiutangaza kama panki mpya. Waliokuwa wakiufanya kwa miaka mingi hawakufurahi wote, na wengine walimjibu hadharani. Walisema mgeni amefika jana na leo anaeleza nyumba ilivyojengwa. Tangu 2006 tamasha la Blip lilikusanya watungaji mjini New York, na baadaye likafika Ulaya, Tokyo na Australia. Niamh Houston wa Ireland ya Kaskazini, anayejulikana kama Chipzel, alitunga kwa LSDj, na muziki wake ulitumika katika mchezo wa Super Hexagon wa mwaka 2012.

Mzozo mkubwa zaidi, lakini, haukuhusu mtu kusifu vibaya. Ulihusu mali.

Mwaka 2000, kijana wa Finland, Janne Suni, alitunga kwa Amiga wimbo wa sauti nne uitwao Acidjazzed Evening, na ukashinda katika mashindano ya Assembly. Mwenzake wa Norway, Glenn Rune Gallefoss, akaugeuza ili upigwe na Commodore 64, kwa ile chipu ya Yannes yenye sauti tatu. Wimbo ulizunguka kama zote: bure, kutoka mkono hadi mkono. Mwaka 2006 mwimbaji wa Kanada Nelly Furtado alitoa albamu yake Loose, na ndani yake kulikuwa na wimbo Do It, uliotayarishwa na Timbaland, mtayarishaji mkubwa wa Marekani ambaye jina lake halisi ni Timothy Mosley. Mwanzoni mwa 2007 wapenzi wa chiptuni waliweka nyimbo hizo mbili bega kwa bega kwenye intaneti, na watu wengi walisema wanasikia kitu kimoja.

Kampuni ya Finland, Kernel Records, iliyopata haki za toleo la Gallefoss, ilifungua kesi mjini Miami, katika jimbo la Florida. Wengi walingoja mahakama iseme: ameiba, au hakuiba. Mahakama haikufika huko. Sheria ya Marekani inataka kazi ya Marekani iandikishwe kwanza ndipo mwenyewe aweze kushtaki, na kazi iliyotolewa kwa mara ya kwanza nje ya nchi inasamehewa sharti hilo. Basi swali likawa hili: wimbo uliotolewa katika gazeti la disketi la Australia, kisha ukapatikana kwenye intaneti, umetolewa wapi? Australia? Au dunia nzima kwa wakati mmoja, Marekani ikiwemo? Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ilikubaliana na ya chini kwamba kesi isimame hapo, kwa kuwa Kernel haikuleta ushahidi wa kutosha kwamba wimbo ulitoka kwanza nje, na haukuwa umeandikishwa.

Ni rahisi kuichukia hukumu hiyo, lakini majaji walijibu swali walilowekewa. Kilichoangusha kesi ni tabia ile ile iliyoulea muziki huu. Kwa miaka 20 hakuna aliyeandika tarehe rasmi, mahali pa kutolewa, wala jina la mwenye mali kwenye karatasi yenye muhuri. Wimbo ulipewa tu, na aliyeupokea aliufungua na kujifunza. Kati ya watu wanaojuana, utaratibu huo ulitosha. Tajiri alipoingia kati yao, haukutosha tena. Wanamuziki wa kwetu wanaopeana nyimbo kwa simu, soko kwa soko, bila jina wala tarehe ndani ya faili, wako katika hali hiyo hiyo.

Na kuna hasara nyingine, ya kimya. Kasete ya Game Boy ya aina ya zamani inatunza nyimbo katika kumbukumbu inayohitaji umeme muda wote. Umeme huo unatoka kwenye betri moja ya duara, kama sarafu, iliyounganishwa kwa risasi ndani ya kasete. Inadumu miaka kadhaa. Siku inapokwisha, hakuna onyo. Mtu anawasha mashine na kukuta ukurasa mtupu, minyororo yote imefutika. Nyimbo zilizotungwa mwaka 2001 au 2003 na kuwekwa kwenye droo zimepotea kwa njia hiyo bila mwenyewe kujua hadi siku alipotaka kumwonyesha mtoto wake.

Vifaa vipya vimepunguza hatari hiyo. Programu ya LSDj inaendelea kurekebishwa na Kotlinski hadi leo, na kuna kasete mpya zinazotunza kazi bila betri. Timothy Lamb, yule wa ArduinoBoy, ametengeneza traka ya mkononi ya miaka ya 2020 iitwayo M8, inayofuata mpango wa LSDj lakini ina kumbukumbu ya kisasa na sauti nane, na bila kasete yoyote. Hata Hirokazu Tanaka, aliyeandaa sauti za Tetris akiwa mfanyakazi wa Nintendo, amerudi jukwaani kama mtungaji wa chiptuni kwa jina la Chip Tanaka, akipiga katika ukumbi mmoja na watu walioanza wakiwa watoto kwa kusikiliza kazi yake.

Walio na kasete za zamani wanafanya kazi kwa mpango huu: wananunua kisomaji kidogo kinachoingia kwenye kompyuta, wanahamisha nyimbo zote kwanza, wanazinakili mahali pawili, na baada ya kuzisikiliza mpaka mwisho ndipo wanachukua bisibisi, wanafungua kasete, wanayeyusha risasi na kuweka betri mpya. Ile ya zamani ikitoka tu, kila kilichobaki ndani kinafutika papo hapo.